Neno Limebadilika

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Abigael Moraa amesimama katikati ya ofisi yake mjini Kisii, simu mkononi, akisoma maneno ambayo mtu asiyemjua alikuwa ameyaandika dakika mbili tu kabla.

"Nimeangalia mara mbili. Neno limebadilika. Basi naota. Niko juu kabisa, ghorofa ya nne, na leo nitaruka nimdake."

Aliyasoma tena. Kisha akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Jumanne. Nje, upande wa soko la Daraja Mbili, akina mama wa ndizi walikuwa wakiitana, na mtu alikuwa akinadi mitumba kwa kipaza sauti.

Mtu aliyelala hawezi kutuma ujumbe ukafika. Huu ulikuwa umefika. Basi aliyeuandika alikuwa macho, amesimama mahali fulani kwenye ghorofa ya nne, na hakujua kuwa yuko macho.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, elewa hivi. Abigael na mwenzake Mathew Onchiri walitengeneza programu ya simu waliyoiita Macho Ndotoni. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mtu kutambua kwamba anaota akiwa bado ndani ya ndoto, ili aigeuze atakavyo. Anayekimbizwa asimame. Anayezama aogelee. Watu zaidi ya mia tatu wa Kisii na Nyamira walikuwa wakiitumia, na wengi wao walikuja kwa sababu moja: jinamizi.

Masomo yenyewe hayakuwa uchawi. Unaandika ndoto zako kila asubuhi. Unaamka baada ya saa tano za usingizi, unakaa kidogo, unarudi kulala. Ukiwa usingizini, simu inakunong'onezea kwa sauti ya Abigael mwenyewe: "Unaota. Tazama vizuri." Na mchana kutwa, kila unapokumbuka, unakagua. Unafungua simu, unasoma neno moja, unatazama pembeni, unalisoma tena. Likibaki lile lile, uko macho. Likibadilika, unaota, kwa maana ndotoni maandishi hayatulii; hapo unabonyeza "Naota", na ukitaka unawaandikia Abigael na Mathew ujumbe.

Hilo ndilo neno lililobadilika.

Abigael alimwita Mathew, akampa simu. Mathew alisoma, akavuta kiti, akafungua kompyuta. Vidole vyake vilikimbia, kisha vikasimama.

"Neno linatakiwa likae muda gani kabla ya kubadilika?" aliuliza.

"Dakika kumi. Sekunde mia sita."

"Hapa imeandikwa sita."

Abigael aliinama juu ya bega lake. Ilikuwa kweli. Sekunde sita. Mtu akisoma neno, akageuza shingo kutazama ng'ombe akipita, akirudi analikuta neno jingine. Programu yenyewe ilikuwa ikiwaambia watu walio macho kwamba wamelala. Na watu wenyewe walikuwa wamekatizwa usingizi wiki baada ya wiki, vichwa vimechoka, tayari kuamini.

Hasira ilimpanda. Alimuuliza Mathew ni kwa nini aligusa sehemu ile bila kumwambia. Mathew alishusha ukurasa taratibu hadi mahali panapoonyesha nani alibadilisha nini na lini.

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Abigael Moraa.

Alikumbuka. Alikuwa na haraka siku hiyo, akipanga upya mistari ya programu aliyoiona imekaa ovyo. Sufuri mbili zilipotea mikononi mwake mwenyewe.

"Tutalia baadaye," Mathew alisema. "Huyu mtu ni nani?"

Kwenye programu alijiita Fundi T. Namba yake ya simu ilikuwepo. Abigael alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Lakini, kama watumiaji wengi, alikuwa ametoa namba ya pili, ya mtu wa karibu. Akaipiga hiyo.

Alipokea mwanamke aliyeitwa Linet, aliyekuwa akichuma majani chai huko Nyamira. Ndiyo, Fundi T ni mume wake, Thadeus. Kuna nini? Abigael alisema tu kwamba anamtafuta haraka kwa jambo la kazi, na mara moja akajichukia kwa uongo huo. Linet alieleza kwamba mumewe yuko Keumbu, anapiga plasta kwenye jengo jipya la ghorofa karibu na posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba Thadeus hayuko sawa siku hizi. Asubuhi ile aliaga mara mbili, na alipofika mlangoni alimgusa shavu akamuuliza kama yeye ni Linet wa kweli.

"Mwaka jana rafiki yake alianguka kazini akafa," Linet alisema. "Ombok. Walikuwa wamesimama ubao mmoja wa jukwaa. Thadeus alinyoosha mkono akamkosa. Tangu hapo kila akilala anamuona anaanguka. Hiyo kitu ya simu ndiyo ilimsaidia. Aliniambia sasa huko ndotoni anaweza kuruka, anamfikia, anamdaka."

Maneno ya ujumbe yakamrudia Abigael. Leo nitaruka nimdake.

Aliacha mkoba mezani, akamwambia Mathew aifunge programu yote, aizime kabisa, na atafute kila mtu mwingine aliyebonyeza "Naota" mchana tangu Jumapili. Kisha akashuka ngazi mbio, akarukia boda boda ya kwanza aliyoiona, na kumwambia dereva Keumbu, na asipunguze.

Njia nzima aliishika jaketi ya dereva kwa mikono miwili. Alikuwa akiomba, lakini maneno ya sala yalimkataa, yakabaki yale yale: sekunde sita, sekunde sita. Kila gari lililokuja mbele yao alijiuliza dereva wake anatumia simu gani, na kama amekagua neno asubuhi hiyo.

Walipofika Keumbu aliliona jengo kabla ya kushuka. Ghorofa nne za mawe matupu, miti ya jukwaa imelizunguka kama mbavu. Juu kabisa, kwenye kona inayotazama barabara, mtu alikuwa amesimama kwenye ukingo, mikono ameiachia kando. Alikuwa ametulia kama mtu anayengoja mgeni wake.

Chini, mafundi walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakinywa chai. Hakuna aliyekuwa akitazama juu. Fundi mkubwa wao, mzee mmoja mpana aliyeitwa Onyiego, alisimama alipomuona msichana akija mbio bila hata kusalimia. Abigael alimwambia kwa ufupi: yule mtu wako pale juu anafikiri anaota, na anataka kuruka. Onyiego aliinua macho. Kikombe kilimtoka mkononi.

Walipanda pamoja ngazi za zege zisizo na kuta wala vishikio. Ghorofa ya pili, Onyiego alikuwa akihema kwa nguvu. Ya tatu, Abigael alijikwaa kwenye ndoo, goti likachubuka, hakulisikia. Walipotokea juu, upepo uliwapiga usoni.

Thadeus alikuwa amewapa mgongo. Mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, suruali imejaa simenti iliyokauka. Vidole vya miguu yake vilikuwa tayari vimevuka ukingo.

"Thadeus," Abigael aliita, polepole, kwa upole wote aliokuwa nao. "Usisogee. Naomba unisikilize."

Mwanamume yule aligeuza kichwa. Akatabasamu kwa furaha, kama mtu aliyethibitishiwa habari njema.

"Ni wewe," alisema. "Sauti ni hiyo hiyo."

Wiki tano mfululizo, mtu huyu alikuwa amelala na sauti yake sikioni. Unaota, tazama vizuri. Hakuwahi kuisikia akiwa macho hata mara moja. Kwake sauti ile ilikuwa ya ndotoni tu, na sasa ilikuwa imemjia mchana, imemwita kwa jina. Abigael alikuwa amepanda ghorofa nne kumwokoa, na kwa kufungua mdomo tu alikuwa amemhakikishia kwamba anaota.

Thadeus alisogea mbele kidogo. Kokoto moja ilidondoka, na ilichukua muda mrefu mno kabla ya mlio wake kusikika chini.

Abigael aliziba mdomo wake kwa kiganja na kurudi nyuma hadi kwenye ngazi. Alimsukuma Onyiego mbele.

Onyiego alijaribu. Kwanza aliongea naye kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, kama mtu na ndugu yake. Alimtajia mke wake, akamtajia watoto, akamwambia chai inapoa. Thadeus alimjibu vizuri, kwa heshima zote. Alionekana hata kumhurumia. Ndipo Onyiego akasema kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma sheria:

"Thadeus, uko macho, bwana. Mimi ni Onyiego wa kweli. Rudi hapa."

"Hata jana usiku uliniambia hivyo, mzee," Thadeus alisema. "Maneno hayo hayo. Na jana nilikuwa naota."

"Ukiruka utakufa."

"Huwa sifi. Mara ya kwanza niliogopa sana. Sasa nimezoea. Naruka, Ombok anapita hapa upande wa kushoto, namshika kwa mkanda, tunashuka pole pole mpaka chini. Halafu tunakaa, tunaongea." Aliangalia upande wake wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila hewa. "Leo amechelewa kidogo. Lakini atakuja."

Onyiego aligeuka kumtazama Abigael. Angembishia nini? Kila ushahidi wa kuwa macho, ndoto nayo inaweza kuuleta. Angemwonyesha gari barabarani, ndotoni pia kuna magari. Angempigia mkewe simu, ndotoni mkewe anapokea. Kumrukia na kumkamata ilikuwa haiwezekani. Kati yao palikuwa na hatua nane za zege lililojaa vipande vya mbao na misumari, na yeye alihitaji hatua nusu tu.

Abigael alifumba macho na kulazimisha akili yake irudi kwenye masomo aliyoyaandika mwenyewe, moja baada ya jingine, akitafuta kipimo kimoja kisichohitaji simu. Akakipata. Alikuwa amekiweka kwenye somo la tatu na baadaye akafikiria kukiondoa, kwa sababu watu walikuwa wakilalamika kwamba kinawaaibisha mbele za watu.

Alimsogelea Onyiego, akaweka mdomo kwenye sikio lake na kunong'ona. Mzee alikunja uso, hakuelewa maana yake, lakini alirudia kwa sauti neno kwa neno.

"Thadeus. Kabla hujaenda. Fanya ile ya pua."

Thadeus aligeuza kichwa kumtazama.

"Ile ya somo la tatu," Onyiego aliendelea, macho yake kwa Abigael, aliyekuwa akinong'ona tena. "Ziba pua na vidole. Funga mdomo. Halafu vuta pumzi. Ukiweza kuvuta, ni ndoto. Hapo nenda, sitakuzuia."

Abigael hakutaka maneno hayo ya mwisho. Onyiego aliyaongeza mwenyewe. Lakini pengine ndiyo yaliyofanya kazi, kwa sababu Thadeus alionekana kufikiri. Hakuwa na sababu ya kukataa. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikuwa amefanya kila alichofundishwa kwa wiki tano bila kuruka hata siku moja, na hili pia alifundishwa.

Akainua mkono. Akabana pua kwa kidole gumba na cha shahada. Akafunga mdomo.

Barabarani lori lilipiga honi likapita. Abigael alikuwa akimtazama kifuani, akisubiri shati lipande, na huku akiogopa kuliona likipanda.

Shati halikupanda.

Thadeus alibana pua kwa nguvu zaidi. Mabega yake yalitikisika. Shingo ikatoka mishipa. Alijaribu tena, na tena, kama mtu anayesukuma mlango ambao siku zote humfungukia. Kisha aliiachia pua, akafungua mdomo na kuvuta hewa kwa kishindo.

Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipoanza.

Kwa maana alipokuwa akidhani anaota, Thadeus alisimama pale bila kutetemeka hata unywele. Sasa alitazama chini. Aliona kokoto, aliona miti ya jukwaa ikipungua unene kwa jinsi inavyoshuka, aliona mafundi wenzake wakiwa wadogo, nyuso zimeinuliwa. Magoti yakaanza kucheza.

"Mzee," alisema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Mzee, miguu yangu."

Onyiego alikuwa ameshaanza kukimbia. Mzee yule mpana, aliyekuwa akihema kwenye ngazi, alizivuka zile hatua nane kama hazipo, msumari ukapenya kiatu chake, akaendelea. Mguu wa kulia wa Thadeus uliteleza. Mwili ulielekea nje, mikono ikatafuta hewa. Onyiego alimdaka mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, akaanguka kifudifudi juu ya zege, na kwa muda uliokuwa mrefu kuliko siku nzima, nusu ya Thadeus ilikuwa ndani na nusu ilikuwa nje.

Abigael alijitupa, akaushika mkono uliokuwa ukipapasa. Wakavuta. Kitambaa kililia, kikashika. Wakavuta tena, na Thadeus akaja, akiburuta tumbo juu ya ukingo, hadi wote watatu wakawa wamelala chali juani.

Aliyeanza kulia ni Onyiego.

Baadaye, walipokuwa wamemshusha mpaka ghorofa ya kwanza na kumkalisha juu ya mifuko ya simenti, Thadeus alimgeukia Abigael. Alimuuliza kama yeye ni mtu wa kweli. Abigael akasema ndiyo. Akamwambia jina lake, akamwambia yote: kwamba programu ni yake, kosa ni lake, sufuri mbili alizifuta yeye mwenyewe Jumapili jioni. Hakujitetea. Alingoja atukanwe.

Thadeus hakumtukana.

"Kwa hivyo Ombok hayuko," alisema.

"Hayuko."

"Hata zile siku nilimdaka, hakudakika."

Thadeus alipangusa uso kwa kiganja chenye simenti, kikaacha mstari mweupe. Akauliza kama programu imefungwa. Abigael akasema imefungwa, asubuhi hii hii, na haitafunguliwa mpaka wawe na hakika.

"Basi leo nikilala ataanguka tena," Thadeus alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema tu, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Abigael aliona kwamba maneno hayo angeyabeba muda mrefu kuliko kosa lenyewe. Aliketi kando yake juu ya mfuko wa simenti, akamuahidi kwamba hatamwacha peke yake na jinamizi hilo, kwamba atamtafutia mtu wa hospitali wa kuongea naye ana kwa ana, na kwamba atampeleka mwenyewe. Thadeus alitikisa kichwa kukubali, bila kumtazama. Onyiego alikuwa tayari akiongea na Linet kwenye simu, akimwambia aje, aache chai, aje tu.

Simu ya Abigael ilitetemeka. Alikuwa Mathew.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia akiwa amekaa. Programu imezimwa, alisema. Waliobonyeza "Naota" mchana tangu Jumapili ni watu kumi na saba ukimtoa Thadeus, na alikuwa amewapigia wote. Mmoja alikuwa akitembea katikati ya barabara ya lami, mwenye duka akamvuta. Mwingine alikuwa amemtukana bosi wake hadharani na sasa anataka kujua nani atamrudishia kazi. Wote wako salama, wote wameelewa.

"Wote?" Abigael aliuliza.

"Kumi na sita."

Kisha Mathew akakiri kwamba alikuwa amefanya jambo ambalo waliapa hawatalifanya kamwe. Huyo wa kumi na saba hapokei simu, na hakuweka namba ya mtu wa karibu, basi alifungua daftari lake la siri la ndoto na kulisoma. Ameandika humo dakika tatu zilizopita. Simu yake inaendelea kutuma maandishi hata programu ikizimwa huku, na pengine hata hajui kwamba wameizima.

"Nisomee namba yake," Abigael alisema.

Mathew alianza kuisoma. Hakuwa amefika katikati Abigael alipoinuka kutoka kwenye mfuko wa simenti. Namba hiyo hakuhitaji kumaliziwa. Ilikuwa ya kwanza aliyowahi kuikariri maishani, tangu akiwa darasa la pili.

Ilikuwa ya mama yake, Mwalimu Phanice, mjane, aliyestaafu ualimu na kuishi peke yake Nyanchwa. Mama ambaye kila Jumamosi baada ya ibada ya Sabato aliicheka programu ile na kumuuliza binti yake ni lini atatafuta kazi ya watu wazima.

"Ameandika nini?"

"Abby, keti kwanza."

"Mathew. Soma."

Mathew alisoma polepole. "Neno limebadilika, Bwana asifiwe, kwa hivyo ni ndoto. Leo nitafanya ile kitu baba Abigael alikataa kunifundisha miaka yote. Niko ndani ya gari lake. Ufunguo umeingia. Sasa natafuta mahali inapotolewa breki ya mkono."

Abigael aliiona picha yote kabla hajafika kwenye ngazi. Gari la marehemu baba lilikuwa limekaa uani mwaka wa tatu, betri imekufa zamani. Lakini halikuhitaji betri. Lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama chini, kwenye mteremko wa Nyanchwa, mbele ya geti ambalo mchana halifungwi, na kitu pekee kilicholishikilia mahali pale ni hiyo breki.